Mifupa ya Waziri Aliyetoka Kidogo

Nilikuwa karani wa mahakama mjini Tanga kwa miaka thelathini na moja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuapisha mashahidi. Nimewaapisha wezi, wakunga, mashekhe, na mzee mmoja wa Pongwe aliyetaka mbuzi wa jirani yake ahukumiwe. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si ya kubembelezea watoto walale. Jina langu ni Mbaruku Shembilu. Sina simile na mtu mwongo, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kabla sijakanyaga nchi ya Shurani.

Jinsi nilivyofika haikusaidii kitu, tuyaache. Shurani ni ufalme wa visiwa vidogo, na una mabwana wawili. Wa kwanza ni Dola ya Magharibi, kubwa na ya kale, ambayo ndiyo huwavika taji wafalme wa Shurani. Wa pili ni Kaskazini, nchi ya watu wenye panga mbili kiunoni. Hao zamani walishuka na bunduki, wakamchukua mfalme, wakakaa naye miaka miwili, kisha wakamrudisha kwa sharti moja: atawale kana kwamba wao hawapo. Maana Magharibi ikijua kwamba Kaskazini imeikalia Shurani itafunga bandari zake, na hariri na dawa za Magharibi ndizo Kaskazini ilizozifuata pale. Basi Kaskazini wanatawala kila kitu, na hawapo. Ukilielewa hilo umeielewa nchi nzima.

Nilipofika niliulizia hali ya mfalme, kama ilivyo adabu, nikaambiwa hajambo. Siku ya tatu nikagundua kwamba alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Sheria yao inasema mfalme hafi mpaka wajumbe wa Magharibi waje kumlilia, na wajumbe hawakuwa wamekuja bado: mara bahari chafu, mara vita, mara mjumbe mwenyewe kafiwa. Muda wote huo marehemu alipelekewa wali na supu kila siku, na amri zote zilitoka kwa jina lake. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikaa mkekani kando ya kiti cha enzi kitupu, akitia saini "mtoto anayesubiri". Aliyethubutu kumlilia mfalme kabla ya wajumbe alifungwa siku arobaini kwa kosa la kumuua.

Siku yangu ya kumi Merikebu ya Taji, yenye wajumbe wa Magharibi, ilionekana. Kengele zikagongwa, na ikaanza ile wanayoiita Miezi ya Kuficha. Niliona kwa macho yangu watu wa Kaskazini, mia moja na zaidi, wakikunja mikeka yao na kubeba panga zao, wakaenda kwa mstari mmoja mpaka kijiji kilichoko nyuma ya kilima. Jioni ile kijiji hicho kilifutwa kwenye ramani ya nchi. Karani alikifuta kwa kitambaa kibichi, akakipuliza kikauke.

Sokoni ikasomwa mbiu. Viatu vya Kaskazini vifichwe. Vijiko vya Kaskazini vifichwe. Nyimbo za Kaskazini zisahauliwe mpaka tangazo jingine. Mwenye jina la Kaskazini atafute jingine. Mjumbe akiuliza kitu fulani kimetoka wapi, jibu ni kwamba kimetoka kisiwa cha Takira. Hakuna kisiwa cha Takira. Lakini watoto wa Shurani wanafundishwa shuleni mazao yake makuu, na mmoja alinitajia hata milima yake, bila kukosea. Na ule uwanja wa Kaskazini katikati ya mji, wenye ofisi ya msimamizi na zizi la farasi, haukutajwa kwa jina lolote. Watu waliupita wakiwa wamegeuza nyuso upande wa pili wa barabara.

Nyumba ya wageni nilimokuwa nimetandikiwa kitanda ilikuwa na madirisha ya mtindo wa Kaskazini, kwa hiyo ilibidi igeuzwe ghala. Mimi nikahamishiwa kwa Umitu.

Umitu alikuwa mfumaji wa nguo za nyuzi za mgomba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono mipana, vidole vimekolea rangi ya buluu mpaka kwenye kucha. Alinipokea mlangoni na kijiti chake cha kupitishia uzi bado mkononi, akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye huyu anayeuliza-uliza! Ingia, mzee. Uliza humu ndani, huko nje unatutia aibu."

Ndani, mahali pa heshima, palikuwa na mtungi mkubwa wa udongo wenye kifuniko. Nikauliza kama ni wa maji.

"Ni mama yangu," alisema.

Nilirudi nyuma hatua mbili, nikakaribia kuvunja kitanda chake cha kufumia. Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akanieleza. Kwao maiti hulazwa kaburini miaka kadhaa, mpaka nyama iishe. Baadaye wanawake wa ukoo humtoa, huosha mifupa yake kwa pombe ya mchele, mmoja mmoja, na kuitia mtungini. Mume na mke mtungi mmoja. Asiyeoshwa hajatulia, anasimama tu huko aliko, kama mtu aliyekosa kiti. Kisha mtungi hupelekwa kwenye kaburi la ukoo na kufungiwa humo. Mama yake alioshwa mwaka uliopita.

"Yuko tayari, anamngoja baba. Nusu ya mtungi ni tupu. Siwezi kuupeleka kaburini na nusu."

"Na baba yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," alisema Umitu, na sasa hakucheka.

Baba yake aliitwa Tarugani, na alikuwa waziri. Mfalme alipokufa, au tuseme alipoacha kupumua, Kaskazini walitaka mawaziri wote waape upya. Kiapo cha Shurani kina vifungu viwili, na kila mtoto hukitia saini akifika miaka kumi na mitano. Kifungu cha kwanza: Shurani ni mali ya Kaskazini tangu ulimwengu uumbwe. Kifungu cha pili: mtu wa Kaskazini hajawahi kufika Shurani. Mawaziri wanane walisaini. Tarugani aliisoma karatasi mara mbili, akasema, "Chagueni kimoja, nami nitasaini hicho. Viwili kwa pamoja siwezi. Mkono hautaki."

Wakamkata kichwa pale pale uwanjani, wakamfukia nyuma ya zizi.

Sasa ikawa kazi kwa makarani. Huwezi kuandika kwamba mtu ameuawa bila kuandika ameuawa na nani, na waliomuua hawapo. Baada ya kikao cha siku sita, kwenye Daftari la Watu, mbele ya jina la Tarugani, pakaandikwa: *Ametoka kidogo.* Na kila mwaka mpya, kwa miaka kumi na moja, karani alikuja mlangoni kwa Umitu na daftari kwapani, akauliza, "Baba yupo?" Naye alitakiwa kujibu, "Ametoka kidogo." Karani akasema, "Akirudi mwambie tulipita."

"Na wewe unajibu hivyo?" Nilikuwa nimepandwa na hasira, wallahi, nikamwuliza kama mtu wa kumgombeza.

"Najibu. Nilisaini kama wote. Aliyesaini, ushahidi wake juu ya Kaskazini haukubaliwi popote, na humu nchini hakuna ambaye hakusaini." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Wewe hujasaini, mzee."

Nikamwambia kwa kifua mbele kwamba mimi nimeapisha mashahidi miaka thelathini na moja. Akasema ndiyo maana aliomba nipelekwe kwake.

Alikuwa amelipanga siku nyingi. Mtungi ukishafungiwa kaburini kwa kufuata taratibu, hakuna wa kuutoa, hata mfalme. Na taratibu zinataka vitu viwili: kibali cha baraza, na shahidi asiye wa ukoo, atakayesimama juu ya mifupa na kusema, "Huyu ni fulani. Amekufa. Nimemwona." Basi. Maneno hayo yakisemwa, daftari lazima libadilishwe.

"Lakini uwanja wao utauingiaje?" nikauliza.

"Uwanja gani? Sasa hivi hakuna uwanja. Hakuna mlinzi, hakuna amri ya kutoingia, hakuna hata Kaskazini. Nikienda na jembe, nimeingia wapi?"

Nilicheka kwa nguvu. Nilimpenda sana mama yule saa ile.

Barazani nilikaa nyuma. Mawaziri tisa, kila mmoja na kibanio cha fedha kwenye nywele, ndiyo alama ya cheo chao. Chumba cha pili wajumbe wa Magharibi walikuwa wakinywa chai, na ukuta ulikuwa wa karatasi.

"Apigwe marufuku," alisema waziri wa kwanza, mnene, mwenye haraka. "Haruhusiwi mtu kuingia pale."

"Pale wapi?" akauliza mwenzake.

"Pale."

"Pale wapi, mheshimiwa? Taja, karani aandike."

Yule mnene alitazama ukuta wa karatasi. Upande wa pili kikombe kiligusa sahani. Akajikohoza, akakaa.

Mwingine akajaribu njia nyingine. "Huyu mama anataka kumzika nani? Kwa mujibu wa daftari, Tarugani ametoka kidogo."

Umitu alikuwa amepiga magoti chini. "Sawa kabisa, waheshimiwa. Kama baba yangu ametoka kidogo, basi mifupa ile si yake. Mimi naomba mifupa isiyo ya mtu, iliyoko mahali pasipokuwepo. Nani atakayenyang'anywa?"

Walibishana asubuhi nzima. Katika kumbukumbu zangu zote sijapata kusikia watu wenye akili kiasi kile wakihangaika vile kutosema neno moja. Mwisho mzee Inafuku, mtunza Daftari, aliyewahi kukaa baraza moja na Tarugani, alisugua macho kwa viganja, akachukua kalamu. Kibali kilisema: *Binti Tarugani anaruhusiwa kufanya usafi.*

Tulichimba siku ya pili asubuhi, jua likiwaka, watu wakipita barabarani na nyuso wamegeuza. Mifupa haikuwa mbali. Umitu aliitandaza juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaanza kuosha kuanzia miguuni, akizungumza nayo. Pombe ile ya mchele ilikuwa na harufu kali, nami si mtu wa pombe, lakini nilimshikia bakuli. Alikwenda vizuri mpaka mabegani. Hapo akasimama.

"Kichwa hakipo," alisema.

Walikipeleka Kaskazini, kuonyesha. Alifukua tena kwa vidole mpaka jua likafika utosini. Nilimwambia, mama, inatosha. Akaendelea kufukua. Baadaye alitoa kwenye mkunjo wa nguo kibanio cha fedha cha baba yake, akakiosha kama alivyoosha mifupa, akakiweka panapotakiwa kichwa. Ndipo alipolia, kwa sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyepokea habari siku hiyo hiyo.

Nikasimama, nikayasema kwa sauti yangu ya mahakamani, ili na wa barabarani wasikie: "Huyu ni Tarugani. Amekufa. Nimemwona."

Mtu mmoja barabarani aligeuza uso, akatazama. Mmoja tu.

Mifupa ikaingia mtungini pamoja na ya mama. Umitu akautikisa kidogo, akasikiliza. Haukulia tena. Kaburi hufunguliwa siku ya saba baada ya kutawazwa mfalme, kwa hiyo akaurudisha nyumbani ukangoje.

Siku ya taji, mfalme wa kale alikufa asubuhi, kwa ruhusa. Wajumbe walimlilia, na wananchi wakaruhusiwa kulia kwa muda wa saa mbili, na nakuambia walilia, maana walikuwa na kilio cha miaka kumi na moja kifuani. Mchana mwanawe akavikwa taji, akainuka mkekani akakaa kitini. Kwenye karamu niliwekwa karibu na mjumbe wa pili, mtu mpole mwenye ndevu chache. Mtumishi alimgonga kwa sinia, akaomba radhi kwa lugha ya Kaskazini, ilimtoka tu, masikini. Ukumbi mzima ukakauka.

"Lafudhi nzuri ya kienyeji," alisema mjumbe, akaendelea kula.

Mimi sikuweza kunyamaza. Nikamwinamia, nikamwambia yote: uwanja, kijiji kilichofutwa, Tarugani. Aliweka kijiko chini.

"Mzee wangu, kwa nini unataka kuniharibia chakula? Nikijua, nitalazimika kumwambia mkuu wetu. Naye akijua atalazimika kuleta manowari. Je, ataleta manowari kwa ajili ya visiwa hivi? Haleti. Basi dunia nzima itajua kwamba haleti." Akachukua kijiko tena. "Unaona sasa kwa nini sijui?"

Nilitoka pale nikitema mate. Nilimwambia Umitu kwamba sijawahi kuona taifa la waoga kama hawa, na wajumbe wao, na mabwana wao wote. Yeye alikuwa akifuma. Alisema tu, "Maneno yako makali, mzee. Mungu akuwekee."

Wajumbe walitakiwa kukaa mwezi mzima zaidi. Waliondoka siku ya tano baada ya taji, upepo uliwageukia vizuri. Kaburi lilikuwa halijafunguliwa.

Kabla merikebu haijapotea machoni, watu wa Kaskazini walikuwa wameshashuka kilimani. Karani alichora tena kijiji. Kisha ikatangazwa Sheria ya Kurudisha: kila kilichoondoka mahali pake Miezi ya Kuficha kirudi kilipokuwa, na kila kilichotendwa katika miezi hiyo hakikutendwa. Vijiko vikarudi, nyimbo zikarudi. Na nyuma ya zizi msimamizi wa Kaskazini akakuta shimo.

Tuliitwa ofisini asubuhi, mimi na Umitu, na mtungi ukaletwa. Inafuku alikaa pembeni na daftari. Msimamizi hakuwa mtu mkali. Alikuwa na mafua, akijifuta pua kila mara na kuomba radhi. Aliniwekea karatasi mbele: *Mimi, mgeni, sikuona kitu.*

"Wananchi hawanihangaishi," alisema. "Walishasaini. Ni wewe tu. Ushahidi wako ukisimama, Tarugani amekufa, na mtungi huu unaenda kaburini. Ukianguka, hapa kuna mali iliyohama, nayo itarudi."

Nikamwambia mimi ni karani wa mahakama, siandiki uongo.

"Meli yako inaondoka adhuhuri," alisema, akajifuta pua. "Usiposaini hatutakupiga wala hatutakufunga. Tutaandika tu kwamba umetoka kidogo."

Mzee Inafuku aliinamisha kichwa juu ya daftari. Nami, nisiseme uongo hapa angalau, niliogopa. Niliiona nyumba yangu ya Chumbageni, mke wangu Mwanakheri akichanja kuni mwenyewe kwa kuwa sipo, wajukuu wakiuliza babu yuko wapi na mtu akiwajibu maneno yale. Nilimtazama Umitu. Hakunikonyeza, hakunisihi. Alikuwa ameshika mtungi kwa mikono yote miwili.

Nikasaini. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kama siku zote.

"Mama yangu je?" Umitu akamwuliza msimamizi. "Yeye alikufa kitandani kwake, ameandikwa. Hana kosa na nyie."

"Mifupa imechanganyika. Hatuwezi kujua ipi ni ya nani. Utarudi mtungi wote." Akamsogezea karatasi yake. "Nawe saini hapa kwamba haukuhama."

Umitu aliisoma mara mbili. "Huu mkono hautaki," alisema.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa tayari kutukanwa, ningeshukuru. "Haya, mzee," alisema. "Safiri salama." Alilisema kwa moyo, hakuna kejeli ndani yake hata chembe, na hilo ndilo ninalolibeba mpaka leo. Akauinua mtungi mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akatoka nao kuelekea uwanjani, watu wawili wa panga nyuma yake. Barabarani watu walikuwa wamegeuza nyuso. Nami nilipotoka kwenda bandarini niligundua kwamba nimegeuza wangu.

Miaka saba ikapita. Mwaka huu, bandarini Tanga, nilikutana na baharia aliyetoka pande zile. Nikamwuliza habari za mfalme wa Shurani.

"Ametoka kidogo," alisema. Asubuhi moja Kaskazini walikuja na askari mia tano, hawakuficha kitu safari hii, wakampa mfalme mpaka saa sita atoke ikuluni. Ikulu sasa ni kambi. Magharibi walisikia, na bado hawajui.

Nikamwuliza kama anamfahamu mfumaji mmoja, Umitu, mwenye vidole vya buluu.

Alifikiri. Alikumbuka nyumba. Mlango wazi, alisema, na nguo imeachwa nusu kwenye kitanda cha kufumia. Aliwauliza majirani, kwa kuwa alitaka kununua nguo. Nao wakamjibu vilevile, wakitazama upande wa pili wa barabara.

Basi naandika, ingawa hakuna mahakama iliyoniita, na saini yangu mwenyewe inanikana. Huyu ni Tarugani. Amekufa. Nimemwona.

Ya Umitu ningependa kuyasema hivyo hivyo. Lakini yeye sikumwona. Nilikuwa nimeshapanda meli.